Hayamalizwi Kikaoni: Kurasa za Daftari, Dakawa

6 Mei 2025

Mpunga umetia maziwa na kwelea kwelea wamefika. Tangu alfajiri skimu nzima ni makelele: madebe, filimbi, teo, sauti za watoto. Mwezi huu ukipita madarasani utakuta madawati yana nafasi, na kila mwalimu wa hapa anajua wasiokuja wako wapi. Wako juu ya matuta wanaamia ndege. Mzazi ukimuuliza anakwambia ndege hawangoji likizo, na hapo hasemi uongo. Kundi likitua asubuhi kwenye jaruba, jioni unavuna makapi.

Kwa hiyo sikuwa natafuta kitu nilipomwona huyu mtoto. Hapa nitamwita K. tu. Kama mhudumu wa kujitolea, nilikuwa napita njia ya mfereji kwenda kwa mama mmoja mjamzito, akanipa shikamoo, akageuka kurusha udongo. Shati lilipopanda nikaona mgongo. Mikwaruzo ya majani ya mpunga naijua, miguu yangu mwenyewe imejaa. Ile ilikuwa mistari. Mingine imeshakauka na kuacha weusi, mingine bado mibichi. Hazikuwa alama za siku moja.

Nikamuuliza swali moja: umeumia nini? Akasema ameanguka. Nikanyamaza. Baadaye, bila mimi kuuliza tena, akasema: "Ndege wakishuka upande wangu, mjomba anajua."

Nimeyaandika maneno hayo kama alivyoyatamka, pamoja na saa na mahali, kwenye ukurasa wa peke yake. Sijaongeza ninachodhani. Aliniomba nisimwambie mtu. Nikamjibu kwamba hilo siwezi kumwahidi, ila sitamwambia mtu asiyehusika, na sitamwambia mjomba wake.

7 Mei

Usingizi haukuja. Si kwa ajili ya sheria, sheria naijua. Ni kwa sababu mjomba wake namjua pia. Tunapanga foleni mashine moja ya kukoboa. Mwaka huu amekodi majaruba, amekopa mbolea, amekopa mafuta ya pawatila, na wote aliowakopa wanangoja mavuno. Ndege wakila, madeni yale yanabaki palepale. Mtoto amewekwa kati ya deni na ndege. Naielewa hofu ya yule mwanaume, na bado hainibadilishii ninachopaswa kufanya.

Kuna sauti inayoniambia subiri upate uhakika. Nimeisikia kwa wenzangu wengi katika kazi hii ya kujitolea, na naona inamkinga mkosaji kuliko inavyomkinga mtoto. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 95, haikunipa kazi ya kupata uhakika. Inamtaka mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Taarifa inatosha. Kuchunguza kuna wenyewe: Afisa Ustawi wa Jamii, na polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto. Nikianza mimi kupeleleza nyumba kwa nyumba, nitamharibia mtoto kesi na mjomba atapata muda wa kujipanga.

Na nikiwa nimekosea? Basi afisa ataona hakuna kitu na faili litafungwa. Kutoa taarifa si kumhukumu mtu.

8 Mei

Nimempigia Afisa Ustawi asubuhi, kisha nikampelekea taarifa kwa maandishi kupitia ofisi ya mtendaji, kwenye bahasha iliyofungwa. Anahudumia zaidi ya kata moja na mafuta ya pikipiki yanakwenda kwa mgao. Amesema atakuja. Ameniuliza jambo moja la maana ambalo wengi hulisahau: leo usiku mtoto analala wapi, na yuko salama kiasi gani? Nikamweleza kwamba msimu wa ndege watoto wengi hulala vibandani kule mashambani, kwa hiyo mjomba hayuko naye kila usiku. Akasema nikiona hali imebadilika nisimngoje yeye, niende polisi moja kwa moja, au nipige 116, ile Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure na inapokelewa usiku na mchana.

Posho yetu iliisha baada ya Marekani kusitisha misaada mwezi Januari. Vocha ya leo ni ya mfukoni kwangu. Naandika tu ili ijulikane.

10 Mei

Imevuja. Sijui kwa nani. Katika kundi la WhatsApp la wahudumu mwenzetu mmoja ameandika: "Mwenye picha ya mgongo wa yule mtoto atume tuone." Nimemjibu hakuna picha, na hata ingekuwepo isingepita hapa. Mwili wa mtoto si wa kutangaza. Alama zake ataziona daktari na kuzijaza kwenye PF3, ile fomu inayotoka polisi, na hizo ndizo zitakazosomwa mahakamani. Picha ya kundini itafika sokoni Dakawa kabla haijafika kwa afisa.

12 Mei

Kiongozi mmoja wa kitongoji ameniita. Nimekuta wazee wanne wameshakaa, mjomba yupo, na K. amesimamishwa katikati.

"Mwanangu," mzee mmoja akaniambia, "hili ni jambo la ukoo. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukeni, na mjomba ndiye mwenye kauli. Amekiri alizidisha kidogo. Atatoa mbuzi, atamnunulia mtoto sare, tuyamalize."

Nikampa shikamoo yake tena, nikakaa. Nikamwambia: "Mzee wangu, kauli ya mjomba naiheshimu, kwetu pia iko. Lakini mbuzi huyu analiwa na nani? Mtoto aliyepigwa hatapata hata mguu."

Wakacheka kidogo, ila mjomba hakucheka. Akasema alikuwa anamfunza adabu. Hapo ndipo ugumu wetu wote ulipo, maana fimbo hapa haishangazi mtu. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika 2009 na kutolewa 2011 ulikuta karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walipigwa au kuumizwa mwilini kabla ya kufika miaka 18. Mtu aliyekua hivyo atasemaje kwamba hiki ni kitu kigeni? Hata shuleni kiboko kimeruhusiwa, japo kanuni za 2002 zinasema visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, na viandikwe kwenye daftari. Ni wangapi wanaoliandika hilo daftari, tuache.

Sheria ya Mtoto nayo haikufuta adabu moja kwa moja. Kifungu cha 13 kinakataza adhabu iliyozidi kiasi kwa umri wa mtoto na hali ya mwili na akili yake. Mimi ningependa kifungu kikali zaidi. Lakini kwa mgongo ule hata hiki kinatosha, na nikawaambia hivyo. Pia nikawaambia kwamba mtoto chini ya miaka 14 haajiriwi kazi, na K. hajafika huko. Mjomba akasema hamlipi, kwa hiyo si ajira. Sikubishana naye. Hayo atamweleza afisa.

Kilichoniuma ni kumwona K. amesimama pale. Walimuuliza mbele ya mjomba: kweli umepigwa? Akasema hapana. Wakanigeukia mimi. Nikaomba mtoto aondoke, asiulizwe tena na mtu yeyote. Kila anayemuuliza anapata jibu tofauti kidogo, na majibu yale tofauti ndiyo wakili atayapanga mezani siku ya kesi. Tangu mabadiliko ya 2016, mtoto mdogo anaweza kutoa ushahidi bila kiapo akiahidi kusema kweli. Ahadi hiyo ina maana gani kama tumeshamzoesha kujibu kwa kuangalia uso wa mkubwa?

Niliondoka bila kusaini karatasi yao ya makubaliano.

13 Mei

Nimepiga tena kwa afisa asubuhi na mapema. Nimemwambia kikao kimefanyika, mshukiwa anajua, mtoto amerudi nyumba ileile. Neno "nyumba ileile" ndilo lililomwondoa ofisini. Saa nane mchana alikuwa hapa na askari wa kike wa Dawati.

Alichofanya kimenifundisha zaidi ya semina. Hakumuuliza K. nani kakupiga. Alikaa naye chini ya mwembe, mbali na watu, akaanza na ndege: wanakuja saa ngapi, teo unalishikaje. Muda mrefu kabisa. Sikusikia walichozungumza na sikuuliza. Waliporudi K. alikuwa anakula muhogo, na askari akasema tunakwenda kituo cha afya.

15 Mei

Sasa alale wapi? Hili swali ndilo lililotuchosha kuliko sheria.

Wazee walitaka apelekwe kwa bibi yake Matombo, kule mlimani. Ni vizuri kusikia, bibi ni bibi. Lakini bibi huyo ndiye mama mzazi wa mjomba. Nyumba ni moja, na mwanawe akifika jioni kuomba ugali nani atamfungia mlango? Baba wa K. anakata miwa Mtibwa. Wazee wanamwona baba kama mgeni katika ukoo wa mtoto. Sheria haimwoni hivyo, inamtaka alee. Afisa amempigia, amesema yuko tayari, ila anaishi chumba kimoja na vibarua wenzake. Mama yuko Dar es Salaam kwa kazi za ndani, na tajiri wake hajamruhusu kutoka.

Kwa sasa K. yuko kwa mlezi wa kuaminika, mama mmoja aliyeandaliwa na ustawi kwa ajili ya hali kama hizi. Siandiki ni wapi, hata humu.

28 Mei

Mjomba alikamatwa, sasa amepata dhamana. Tumekutana mashineni. Amenisalimia, nimemwitikia. Wanawake wawili wamehama foleni wasisimame karibu nami. Mmoja wao mwaka juzi alikuja kwangu usiku kuhusu binti yake. Sikumkumbusha.

16 Juni

Siku ya Mtoto wa Afrika. Jukwaa, ngonjera, mabango, soda kwa wageni. Siku hii inaadhimishwa tangu 1991 kwa ajili ya wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi tarehe kama ya leo mwaka 1976. Wasemaji hutaja Soweto kama nchi ya mbali, na mimi hukaa nikiwatazama. Vijana waliokimbia baada ya siku ile walifika mkoani kwetu. Tanzania iliwapa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, eneo la Mazimbu, kisha miaka ya mwanzo ya 1980 ikawapa na Dakawa hii hii, wakajenga, wakasoma, na mwaka 1992 wakakabidhi majengo wakarudi kwao. Baadhi ya watoto walioimba leo wanasomea katika kuta zile. Sehemu hii iliwahi kupokea watoto wa watu ambao hata lugha yao hatukuijua, na hakuna aliyewaambia warudi kwa mjomba wayamalize.

Hotuba zilikuwa nzuri. Hakuna iliyotaja ndege.

9 Julai

Shule zimefunguliwa. Mama wa K. ameacha kazi Dar, amepanga chumba, anauza vitumbua asubuhi kando ya barabara ya Dodoma. K. amerudi darasani, amerudishwa darasa moja nyuma na amekasirika, jambo ambalo afisa anasema ni dalili nzuri. Sina hakika. Mtoto aliyeogopa sana naye hukasirika. Nimeahidi kutopita nyumbani kwao na sare yangu ya uhudumu, maana majirani wanahesabu.

Kesi imeahirishwa. Shahidi hakufika.

22 Julai

Kamati ya kijiji ya ulinzi wa wanawake na watoto imekaa. Kamati hizi zilianzishwa na MTAKUWWA, mpango kazi wa taifa ulioanza 2017/18, na kwetu ilikuwa haijakaa kwa muda mrefu hivi kwamba tulianza kwa kuulizana wajumbe ni nani. Mmoja alikuwa ameshafariki.

Nilikwenda na hoja moja. Sikuomba mradi, sikuomba semina. Niliomba iandikwe kwamba taarifa ya mtoto kuumizwa haiitishiwi kikao cha wazee, hailipwi mbuzi, na mtoto hasimamishwi mbele ya watu kuulizwa. Inakwenda kwa mtendaji na Afisa Ustawi siku hiyohiyo, na kama kuna jeraha, polisi na kituo cha afya.

Mzee yule wa mwezi Mei alikuwepo. Alibisha karibu saa nzima. Akasema tunawanyang'anya wazee kazi yao. Nikamjibu kwamba kazi ipo: wapange zamu ya watu wazima kuamia ndege msimu ujao, wakodishaji wachangie, watoto wakae shule. Hilo mtendaji hawezi na polisi hawawezi. Akanyamaza, kisha akauliza zamu itaanza na majaruba ya nani. Tukabishana tena, safari hii juu ya majaruba.

Zamu haijapata jibu, itajadiliwa kabla ya kusia. Hoja ya kwanza imepita. Muhtasari umesainiwa na kupigwa muhuri, na nakala imebandikwa ukutani kwa mtendaji, na namba 116 imeandikwa chini kwa kalamu nene.

Kesi itatajwa tena mwezi wa nane.