Goma: Kalamu, kamera na bahasha moja

Kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa mwandishi wa habari hapa Goma. Vita vikianza Rutshuru au Masisi, aliandika watu wangapi wamekimbia, njia gani imefungwa, unga umefika bei gani. Kisha akaacha kazi. Daftari aliliweka kabatini, akanunua soko la Virunga kamera ya zamani ya Kirusi, Zenit.

Ni kamera ya filamu. Haina kioo cha kukuonyesha picha papo hapo. Filamu moja hutoa picha 36, na filamu zenyewe huletwa na wasafiri kutoka Nairobi. Ya kwanza ilitoka tupu: hakuifunga vizuri ndani ya kamera, kwa hiyo haikusogea hata kidogo. Mke wake alicheka sana.

Filamu huzisafisha mwenyewe usiku. Gizani huingiza filamu ndani ya kopo lisilopitisha mwanga, kisha dawa ya kutoa picha, halafu dawa ya kuizuia isifutike, mwisho maji mengi. Akiinua filamu kwenye taa huona mambo kinyume: anga jeusi, mawe ya Nyiragongo meupe. Studio moja mjini humtolea picha kwenye karatasi.

Mwishoni mwa 2024 alikwenda kambi ya wahami ya Bulengo, magharibi mwa mji. Bibi mmoja alikuwa ameketi mbele ya hema pamoja na mjukuu wake. Picha zote za familia zilibaki kijijini siku walipokimbia, na mtoto hakuijua sura ya marehemu mama yake. Bibi akamwomba: Papa, usiende na picha yetu moja kwa moja, uturudishie. Ilikuwa imebaki picha moja tu. Akawapiga, akaahidi kurudi.

Lakini dawa ilikuwa imemwishia. Akingoja msafiri, vita vikaingia Goma Januari 2025, na Februari watu wa Bulengo wakaambiwa waondoke. Alipofika na bahasha yake, mahali pa hema palibaki mawe na vijiti.

Goma inajua picha inaweza kufanya nini. Baada ya 1994, watoto waliopotezana na wazazi wao katika kambi za wakimbizi hapa walipigwa picha, zikabandikwa ili ndugu wawatambue. Kila picha ilikuwa na namba.

Yeye hakuandika jina. Miaka yote ya kazi hakuwahi kuondoka mahali bila kumwuliza mtu anaitwa nani na ametoka wapi. Siku ile alihangaika na mwanga, akasahau.

Bahasha bado anayo, na kila akikutana na watu waliopitia Bulengo huwaonyesha. Daftari nalo limetoka kabatini. Sasa kabla ya kupiga picha huandika namba yake, jina la mtu, kijiji chake, na simu ya ndugu kama ipo.