Amplifaya Iliyopanda Treni

Tabora ya miaka ya 1970 ilijaa wapiga magitaa hodari wasiomiliki hata waya mmoja. Gitaa la solo, besi, maikrofoni, amplifaya na spika vilikuwa mali ya mwenye vyombo, na mwanamuziki akihama bendi aliondoka na vidole vyake tu. Ndivyo ilivyokuwa nchi nzima: Nuta Jazz ilipigia vyombo vya chama cha wafanyakazi, Polisi Jazz vya jeshi la polisi. Mji wetu ulikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro, Tabora Jazz aliyoiimbia Shem Karenga, na Nyanyembe Jazz. Nyimbo zao zilirekodiwa Dar es Salaam, na zikisikika Redio Tanzania, sisi wa kijijini Isikizya tuliacha kumenya karanga tukasikiliza.

Wakulima wakishalipwa fedha za tumbaku, bendi ilikuja kwetu kwa lori, na jenereta yake. Mjomba wangu alipiga rizimu katika bendi moja ya mjini, kwa hiyo nilipata heshima ya kulala kando ya vyombo. Usiku mmoja aliniita, akaweka kiganja juu ya amplifaya.

"Mpwa wangu, gitaa likivunjika seremala atachonga. Hiki hakichongwi."

Ilikuwa ya valvu, imetoka Ulaya. Ukiiwasha haikutoa kitu kwanza. Ulingoja valvu zipate moto, ukasikia harufu ya vumbi linaloungua, kisha spika zikaanza kuvuma chini kwa chini. Sijui chombo kingine wilayani kwetu kilichokuwa na thamani ile. Hata trekta zilikuwapo kadhaa, amplifaya ile ilikuwa moja.

Msimu uliofuata iliibwa, nami niko shule ya bweni. Vyombo vilikuwa vimefungiwa ghalani vikingoja lori. Walivunja kufuli, wakachukua amplifaya na maikrofoni, magitaa wakayaacha. Mjomba alisema pale pale kwamba aliyekuja alikuwa mtu wa muziki, kwa sababu mwizi asiyejua angebeba magitaa, mepesi na ya kung'aa. Na asingeweza kuiuza kwetu, ambako kila mtoto aliijua kwa sura na umeme haukuwepo. Soko lake lilikuwa mbali, na kufika mbali kutoka Tabora ni rahisi. Reli ilifika hapo mwaka 1912, ikafika Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likakamilika 1928. Njia panda yenyewe ni ya zamani kuliko reli: misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika Unyanyembe, hapa hapa Tabora, ikagawanyika, mingine Ujiji, mingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Sanduku likipakiwa Tabora jioni, nani atajua kesho limeteremkia wapi?

Nataka vijana wa leo waelewe kwa nini hasara ile haikuzibika. Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ulifungwa. Vita vya Kagera vikafuata, na fedha za kigeni zikawa za mafuta na dawa. Hakuna benki ambayo ingempa mwenye bendi ya Tabora fedha za kigeni anunue amplifaya. Bendi ikaazima vyombo huku na huku, mikataba ikapungua, kisha wanamuziki wakatawanyika. Mjomba alirudi msituni kurina asali. Mwizi alibeba kifaa kimoja, na watu wengi wakapoteza kazi waliyokuwa wakiiweza kuliko zote.

Ilipofika 1983, msako wa wahujumu uchumi ulifanya hata mali halali iwe ya kuogopwa. Jirani yetu aliibiwa redio kaseti aliyoletewa kutoka Nairobi, asithubutu kuripoti. Angeulizwa risiti.

Miaka hiyo hiyo ndipo sungusungu, walinzi wa vijiji, walipoingia. Walianzia upande wa Kahama kwa ajili ya wezi wa ng'ombe, wakaenea Unyamwezi na Usukuma, na mwaka 1989 Bunge likawapa nafasi katika sheria. Silaha yao niliyoiheshimu haikuwa mshale. Ilikuwa mwano, lile yowe la usiku, pamoja na firimbi. Nyumba moja ikipiga, ya pili inapokea, kijiji cha tatu kinatoka kuziba njia, na sauti inamtangulia mwizi hata kama ana baiskeli. Wizi ulipungua kweli, nilishuhudia. Nilishuhudia pia mtu akipigwa hadi kuvunjika mkono kwa redio ambayo baadaye ilipatikana kwa mtoto wa mwenye nyumba. Hilo siwezi kulisamehe.

Masharti ya kuagiza bidhaa yalilegezwa kuanzia 1984, na redio kaseti zikamiminika. Halafu zikaja sabufa, simu, na nguzo za umeme. Isikizya sasa ni makao makuu ya Wilaya ya Uyui, na kila duka lina spika mlangoni. Mwizi wa leo hung'oa kwanza paneli ya sola na betri. Sabufa ikiibwa, mwenyewe hununua nyingine mwisho wa mwezi. Katika miaka ya 1990, shirika la HelpAge lilipowasaidia wanamuziki wazee kuunda Shikamoo Jazz, Salum Zahoro akiwemo, nilifurahi mno kusikia kwamba wazee wamesimama tena mbele ya vyombo.

Lakini kipo kilichobaki bila mbadala. Redio kaseti ya mjomba iliibwa ikiwa na kanda ndani: bendi yake ikifanya mazoezi, na upande wa pili nyanya yangu akiimba nyimbo za kupura mtama. Redio ilipatikana Nzega. Kanda ilikuwa imerekodiwa taarabu juu yake. Kanda zilizorekodiwa studio za Redio Tanzania zilihifadhiwa na taasisi, na TBC, shirika la utangazaji la taifa, imezirithi. Zilizorekodiwa majumbani hazikuwa na ghala wala mlinzi.

Kwa hiyo sasa nazunguka na kinasa sauti kidogo na redio kaseti inayofanya kazi bado. Kila ninachonakili nakiweka nyumbani kwangu na kwa dada yangu mjini Tabora. Mwenye kanda ya zamani, iwe ya bendi, ya arusi au ya bibi yake, kutoka Uyui, Nzega au Urambo, aniletee niinakili. Yake nitamrudishia siku hiyo hiyo.