Donda la Pamba

Katika Mji wa Kale wa Mombasa, mwalimu mmoja mstaafu wa Kiswahili alikuwa akiishi na mjukuu wake pamoja na paka mweupe pepe aliyeitwa Pamba. Kila asubuhi, jua lilipopanda, Pamba alijinyoosha barazani na kulala hadi adhuhuri. Mwalimu alimwacha, kwani ni nani asiyejua kuwa paka hupenda joto?

Kumbe jua hilohilo ndilo lililokuwa likimla. Wekundu ulipojitokeza kwenye ncha ya sikio la kushoto, mwalimu alidhani ni makwaruzo ya vita vya usiku. Wekundu ukafanya kigaga, kigaga kikabanduka na kuacha kidonda, kidonda kikakauka na kufumuka tena. Miezi ikapita. Pamba alipofikishwa kwa daktari wa mifugo, nusu ya sikio ilikuwa imeliwa na tezi za shingo zimevimba. Daktari alieleza kwamba masikio na pua za paka weupe hazina ile rangi ya ngozi inayokinga dhidi ya jua kali. Lau angeletwa mapema, sikio lingekatwa, naye huenda angepona.

"Ni ule ugonjwa, Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini.

"Saratani?"

Neno hilo lilimtoka kwa wepesi uliomshtua mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma mumewe aliugua saratani ya umio, na nyumbani mle neno hilo halikutamkwa hata mara moja. Wageni waliambiwa ni vidonda vya tumbo. Mgonjwa naye aliambiwa vivyo hivyo. Mwalimu, ambaye darasani aliisifu tasfida kuwa ni adabu ya lugha, aliishi ndani ya tasfida kwa miezi saba, na mumewe akafa bila ya kupata nafasi ya kuuliza wala kuaga. Ajabu ni kuwa neno lenyewe, katika asili yake ya Kiarabu, ni jina la kaa tu, kiumbe ambaye watoto wa pwani humkimbiza mchangani huku wakicheka.

Uuguzi ulianza. Asubuhi na jioni donda lilioshwa kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Changu alichemshwa, akatolewa miiba, akapondwa na kuliwa angali na joto, kwa maana paka asiyesikia harufu ya chakula hukisusa. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, alileta kidonge cha parasetamoli. Bahati ni kuwa daktari alikwisha kuonya: kidonge kimoja tu cha dawa hiyo chaweza kumuua paka. Jirani mwingine alinung'unika kuwa watu wanalala na njaa ilhali paka anapondewa samaki. Lawama hiyo haikukosa msingi, na mwalimu hakuijibu. Aliendelea kuponda.

Wiki ya sita Pamba aliacha kujilamba. Manyoya yalishikamana, naye akawa anajificha uvunguni mchana kutwa. Aliposhikwa alitoa ule mngurumo mdogo wa kooni, na mjukuu akafurahi akidhani ni raha. Mwalimu alikwisha kuambiwa kwamba paka hunguruma hivyo hata akiwa na maumivu.

"Tunaweza kumpumzisha," alisema daktari.

"Kumuua," mwalimu alimsahihisha, kama aliyekuwa akisahihisha insha.

Daktari alinyamaza kidogo. "Ndiyo, Mwalimu. Kumuua."

Aliomba siku moja. Kesho yake alimbeba Pamba hadi barazani, akamweka juani mahali pake pa siku zote, akakaa naye mpaka kivuli kilipowafikia. Kisha akamwita daktari.

Mjukuu aliporudi kutoka shuleni alikwenda moja kwa moja uvunguni, akatoka mikono mitupu.

"Bibi, Pamba yuko wapi?"

Majibu mengi yalikuwa tayari kinywani: ametoroka, amelala, amechukuliwa na Mola wake.

"Amekufa, mwanangu. Nilimwita daktari amdunge sindano kwa kuwa maumivu yalimshinda. Alikuwa na saratani."

Mtoto alilia kwa muda mrefu. Baadaye, akiwa bado anajifuta machozi, aliuliza kama babu naye alikufa kwa ugonjwa huo.

"Ndiyo," alijibu mwalimu. "Keti hapa, nikueleze."