Somo la Damu

Mwaka wa mwisho katika shule ya sekondari ni kama siku ya mwisho ya safari ya jahazi: nchi kavu yaonekana kwa mbali, walakini hapana nahodha athubutuye kuuacha usukani. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne katika shule ya bweni, kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya. Katika insha hii nataka kukueleza, msomaji, jinsi siku zangu zinavyopita, na jinsi somo moja, Biolojia, lilivyotoka katika daftari langu likaingia nyumbani kwa wazazi wangu. Husemwa kwamba mwanafunzi husoma ili apite mtihani. Maneno hayo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ndiyo inayonifanya nishike kalamu.

Kengele yetu hulia saa kumi na nusu alfajiri, wakati ambapo hata jogoo wa kijiji jirani hajakata shauri kuwika. Twatandika vitanda, twaoga maji ya baridi, na saa kumi na moja tumekwisha keti darasani, kila mtu na kitabu chake. Uji huja baadaye, kisha vipindi huanza, navyo huendelea hata alasiri. Mchana twala pure, ambayo ndugu zetu wa bara huiita githeri. Jioni twala ugali na sukuma wiki. Baada ya chakula twarudi darasani mpaka saa nne ya usiku, joto la pwani likitufunika kama blanketi, na mbu wakituimbia masikioni. Wakumbuke mbu hao, msomaji, maana watarudi katika habari hii.

Katika masomo yote ninayosoma, Biolojia ndiyo niipendayo zaidi. Mtihani wa taifa, ujulikanao kwa herufi za KCSE, una karatasi tatu za somo hili. Mbili za kwanza ni za kuandika, na kila moja ina alama 80. Ya tatu ni ya maabara, nayo ina alama 40. Hadubini zetu ni chache kuliko sisi, kwa hiyo sharti kila mmoja angoje zamu yake. Sitasahau furaha niliyoipata nilipoona kwa mara ya kwanza seli za ngozi nyembamba ya kitunguu, zimepangwa kama matofali ya ukuta. Tumejifunza pia kutia dawa ya Benedict katika maji ya matunda na kuichemsha, ili tuione ikigeuka kutoka rangi ya buluu mpaka rangi ya matofali, kuonyesha kwamba mna sukari. Mambo haya hupendeza macho. Lakini somo lililonigusa moyo halikuwa na rangi wala moshi. Lilikuwa somo la urithi, ambalo husomwa katika kidato cha nne.

Mwalimu wetu alianza na Gregor Mendel, mtawa wa Brno, mji ambao leo umo katika Jamhuri ya Cheki. Mtawa huyo alipanda njegere katika bustani ya monasteri, akazihesabu kwa subira, na mwaka 1866 akachapisha aliyoyaona. Alionyesha kwamba sifa ya mzazi yaweza kujificha kwa mtoto, kisha ikatokea tena kwa mjukuu. Watu wa zama zake hawakumjali. Alikufa mwaka 1884, na kazi yake haikutambuliwa hata mwaka 1900. Kisha mwalimu akachora ubaoni mraba wenye vyumba vinne, akasema, "Mfano wetu wa leo ni ugonjwa wa selimundu." Wenzangu waliinamia madaftari wakanakili. Mimi niliacha kuandika, nikasikiliza.

Hapana budi nikueleze sababu. Sisi tulizaliwa watoto watano. Dada yangu anifuataye alitutoka akiwa na umri wa miaka 4, na ndugu yetu kitinda mimba, ambaye sasa ana miaka 9, huugua maradhi yale yale. Hospitali iliwapa wazazi wangu jina la ugonjwa na dawa, lakini sababu yake haikupata kukaa akilini mwao. Ndugu yangu hucheza vizuri wiki mbili au tatu, kisha usiku mmoja huamka akilia kwa maumivu ya mifupa, macho yake yamegeuka manjano. Mama humkanda kwa kitambaa chenye maji ya moto hata kupambazuke. Na penye pengo la maarifa hapakosi maneno. Jamaa wa baba walisema kwamba ugonjwa ule umetoka upande wa mama. Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa akija kututazama na kusema mbele ya mama bila kuficha, "Kwetu hapana ugonjwa huu. Damu yetu ni safi." Wako waliomshauri baba aoe mke mwingine. Baba hakukubali wala hakukataa, na kimya chake kilimwumiza mama kuliko maneno ya shangazi.

Sasa sikiliza sayansi isemavyo. Katika damu yetu mna seli nyekundu zenye umbo la kisahani kilichobonyea katikati. Ndani yake mna himoglobini, ambayo huchukua oksijeni mapafuni na kuifikisha kila pembe ya mwili. Himoglobini imeundwa kwa minyororo minne, na mnyororo wa aina iitwayo beta una viungo 146. Kwa mgonjwa wa selimundu, kiungo cha sita tu ndicho kilichobadilika. Mwanasayansi Vernon Ingram alilionyesha badiliko hilo mwaka 1957. Oksijeni ipungukapo, himoglobini hiyo hushikamana kama nyuzi ngumu, na seli hujikunja mfano wa mundu wa kukatia majani. Seli za namna hiyo huziba mishipa midogo ya damu, na hapo ndipo maumivu yanapozaliwa. Tena, seli nzima huishi siku 120 hivi, lakini seli ya mundu huishi siku 10 hadi 20 tu. Kwa hiyo mgonjwa hupungukiwa na damu daima.

Na jambo kubwa ni hili: mtoto hupokea jeni moja ya himoglobini hiyo kwa baba na moja kwa mama. Akipata jeni ya mundu kwa mzazi mmoja tu, kwa kawaida haugui, bali huibeba bila kujua. Ili augue ugonjwa huu wa aina ya kaka yetu mdogo, sharti apokee jeni ya mundu kutoka kwa wote wawili. Wazazi wawili wabebao wakipata mtoto, bahati ya mtoto huyo kuugua ni moja katika nne. Katika mtihani, kuuchora mraba ule na kuueleza huleta alama chache tu. Nyumbani kwetu ulikuwa na thamani ya amani ya mama yangu.

Wala ugonjwa huu si laana ya mtu wala ya kabila. Mwaka 1910, daktari James Herrick wa Chicago alieleza habari za seli zenye umbo la mundu alizoziona katika damu ya kijana wa kisiwa cha Grenada, aliyekuwa akisomea udaktari wa meno. Baadaye alikuja Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya. Mwaka 1949 alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi yetu, akaona kwamba wabebaji wa jeni hiyo ni wengi pwani na kandokando ya ziwa Victoria, lakini ni wachache katika nyanda za juu zenye baridi. Alijiuliza kwa nini, akagundua kwamba penye jeni hiyo nyingi pana malaria nyingi pia. Mwaka 1954 alichapisha hoja yake: mtu mwenye jeni moja ya mundu ana kinga dhidi ya malaria. Uchunguzi uliofanywa hapa hapa Kilifi, ukachapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba kwa watoto wenye jeni moja kinga hiyo dhidi ya malaria kali hukaribia asilimia 90. Basi mbu wale waimbao darasani usiku ndio walioifanya jeni hii idumu kwetu kizazi baada ya kizazi. Iliwaokoa wengi waliopokea moja. Iliwatesa wachache waliopokea mbili.

Shule ilipofungwa mwezi wa Aprili, nilikwenda nyumbani na mzigo wa maneno haya. Kuyasema haikuwa kazi nyepesi. Biolojia twafundishwa kwa Kiingereza, na wazazi wangu hawakijui. Tena, si adabu mtoto kuwafundisha wazazi wake habari za uzazi. Nilingoja jioni moja, baba amerudi baharini, shangazi amekuja kututazama, na mama ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi. Nikasema, "Baba, kwa ruhusa yako, nina jambo nimejifunza shuleni kuhusu ugonjwa wa mdogo wangu."

"Sema, mwanangu," akajibu.

Niliokota vifuu viwili vya nazi. Katika kila kifuu nikatia punje mbili za mahindi, moja nyeupe na moja nyekundu. Nikasema kwamba kifuu kimoja ni baba na kingine ni mama, na kwamba punje nyekundu ni mbegu ya ugonjwa. "Mwenye punje moja nyekundu haugui," nikaeleza, "kwa sababu ile nyeupe yamtosha. Kila mtoto huchukua punje moja huku na moja huku." Kisha nikamwomba shangazi afumbe macho, atoe punje moja katika kila kifuu, na baada ya kuonyesha azirudishe. Mara ya kwanza zilitoka nyeupe mbili. Mara ya pili, nyeupe na nyekundu. Mara ya tatu zikatoka nyekundu mbili, na mara ya nne nyekundu mbili tena.

Shangazi alifumbua macho akazitazama. "Mbona mara mbili kwa mfululizo?" akauliza. "Hukusema ni moja katika nne?"

"Naam, shangazi," nikamjibu. "Moja katika nne ni ya kila mtoto peke yake. Vifuu havikumbuki mtoto aliyetangulia."

Baba alikishika kile kifuu nilichosema ni chake, akaitoa punje nyekundu, akaitia kiganjani akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema bila kumtazama mtu, "Basi hii ilikuwa yangu." Mama aliacha kukuna nazi. Hakusema neno, wala sikuthubutu kumtazama usoni. Baadaye nilisikia mbuzi ikianza tena kukwaruza, polepole.

Shangazi ndiye aliyekivunja kimya. Sauti yake haikuwa ile ya siku zote. "Mimi na babako tumetoka tumbo moja," akasema. "Je, mimi nami ninayo? Na watoto wangu?" Nilimjibu kwamba hapana awezaye kujua kwa kutazama uso wa mtu, damu ndiyo hupimwa. Hakuomba radhi kwa mama, wala sikutazamia aombe. Lakini tangu siku ile sijasikia akitaja damu safi.

Usidhani, msomaji, kwamba maarifa yalimponya ndugu yangu. Hayakumponya. Angali akinywa dawa zake kila siku, angali akihudhuria kliniki, na siku za baridi ya mvua twamvisha nguo nzito. Kilichopona ni kitu kingine. Zamani, alipozidiwa, mama alikesha peke yake. Likizo ile niliona baba akiamka naye, mmoja akichemsha maji, mwingine akikanda. Maumivu ya mtoto yalikuwa yale yale, ila mzigo sasa ulichukuliwa na watu wawili.

Limebaki jambo langu mwenyewe. Mimi ni mzima, kwa hiyo sikupokea punje nyekundu mbili. Walakini katika mraba ule, ukiondoa chumba cha mgonjwa, vinabaki vyumba vitatu, na viwili kati ya hivyo ni vya wabebaji. Maana yake, bahati ya kuwa ninaibeba jeni ile ni mbili katika tatu. Huenda ndiyo iliyonilinda na malaria utotoni, kinga ile ile ambayo ndugu yangu anailipia kwa maumivu yake. Nimekusudia kwenda kupimwa mara mtihani utakapokwisha. Majibu yo yote yatakayotoka, nitamweleza kwa uwazi mtu nitakayetaka kumwoa, ili naye apime, tuamue kwa macho mawazi yale ambayo wazazi wetu waliyaingia gizani.

Nakusihi wewe usomaye, uwe wa pwani, wa ziwani au wa bara: usome vizuri ili upate alama, maana alama ni ufunguo wa milango mingi. Lakini kila ufunguapo kitabu cha Biolojia, jiulize ni nani nyumbani kwenu anayelihitaji somo lile. Ukimwona, litafutie somo lako lugha aijuayo, na mfano anaoweza kuushika mkononi, nawe umweleze kwa heshima. Msimamizi wa mtihani atakusanya karatasi saa ikitimia. Watu wa nyumbani wataendelea kungoja majibu hata baada ya wewe kuondoka shuleni.