Niandike ao Niiache?

Kigoma. Kwenye benchi la zahanati anayewatibu watu wanamwita "daktari". "Mganga" kwao mara nyingi ni yule wa mizizi na majani. Kijana aliyepigwa usiku anaulizwa PF3, fomu ya polisi. Hajaeleza anaumwa wapi, na tayari kisa chake kinatakiwa kipite mezani pa askari.

Baraka, Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Hapa daktari ni munganga, na karatasi ya mgonjwa ni fishi. Mlangoni pana pazia la kitenge. Mama mmoja anaeleza kwa Kibembe, muuguzi anauliza kwa Kiswahili na kuandika kwa Kifaransa. Lugha mbili za kwanza benchi zima tunazisikia. Ya tatu mama mwenyewe hawezi kuisoma. Niliondoka pale, nikaenda kusimama nje nikitazama rasi ya Ubwari.

Kifungu cha 73 cha Kanuni ya Adhabu ya Kongo kinaweza kumpeleka gerezani anayetoa siri ya kazi, mwezi 1 hadi miezi 6, isipokuwa ameitwa kutoa ushahidi mahakamani au sheria imemlazimisha kuisema. Pazia halikutajwa.

Fizi, juu milimani. Tarehe 1 Januari 2011 wanajeshi waliwabaka wanawake wa mji huu. Médecins Sans Frontières waliwatibu 33. Mahakama ya kijeshi ikaja kuketi Baraka, na tarehe 21 Februari kamanda wao, Luteni Kanali Kibibi Mutware, akahukumiwa miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Nani angemweleza munganga habari za askari kama angejua maneno yatafika kambini kabla ya dawa kumfikia yeye?

Mwaka huo huo jimbo la Florida, Marekani, liliwakataza madaktari kuwauliza wagonjwa kuhusu bunduki za nyumbani bila sababu ya tiba. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ililifuta katazo hilo kwa kuwa lilivunja uhuru wa kusema. Kule walihofia swali la daktari. Huku linalotisha ni sikio la tatu.

Muuguzi mmoja wa Fizi huwachukua wagonjwa waliobakwa hadi chini ya mwembe, mbali na benchi. Kabla ya kushika kalamu, aliniambia, humuuliza kila mmoja: "Mama, hii niandike ao niiache?" Kisha husubiri. Wengine hujibu siku ya pili.