Sungura wa Manyoya Marefu Mpe Nyasi, Ugali Kula Wewe

Ndugu zetu wa Kiryandongo, pamoja na nyinyi mnaofanya kazi na wakimbizi, wengi mmetuuliza swali moja: mbona sungura wa manyoya marefu anakufa ghafla, na juzi tu alikuwa mnono? Wengine wanasema ni sumu, wengine ati jirani ana jicho baya. Kuna watu hawasalimiani tena kwa sababu ya sungura. Ndiyo maana tunaandika.

Kwa wasiotujua, sisi ni vijana wanne wa kujitolea. Wawili wetu walipita wilaya hii ya Tororo wakiwa watoto, maana Wakenya wengi waliovuka mpaka baada ya vurugu za uchaguzi waliwekwa kwanza Mulanda mwaka 2008, kabla ya kupelekwa Kiryandongo. Safari hii tuko Rubongi, tunajifunza ufugaji kwa mama mmoja mwenye sungura 11. Tisa ni wa kawaida. Wawili ni wa damu ya Angora, na manyoya yao yanakua karibu sentimita 2 na nusu kwa mwezi.

Sungura hujilamba kama paka. Tofauti ni hii: paka akimeza manyoya mengi anayatapika, lakini sungura hawezi kutapika kabisa. Unywele ukishaingia una njia moja tu ya kutoka, ya nyuma, na kinachousukuma ni nyuzinyuzi za nyasi. Tumbo lenye nyasi linafanya kazi usiku na mchana, manyoya yanatoka na mavi na wewe hata hujui. Tumbo lenye ugali, pumba na maganda linapunguza mwendo. Maji yanakauka ndani, manyoya yanashikana na chakula, yanakuwa bonge. Sungura anajiona ameshiba, kumbe anakufa njaa. Hata wa manyoya mafupi anaweza kuziba hivyo, ila huyu wa manyoya marefu hutangulia.

Hapo ndipo pagumu kwetu. Tangu mgao upungue, mtoto akimega ugali wake akampa sungura, huo ni upendo mkubwa, huwezi kumgombeza. Mmoja tulimwambia, "Ugali kula wewe, sungura mletee nyasi." Akacheka, akadhani tunamtania. Lakini ni kweli: chakula kinachomfaa zaidi kinaota bure kando ya barabara.

Mama wa hapa analisha hivi. Nyasi ziko ndani ya banda saa zote, mchana na usiku, mbichi au kavu. Mbichi anaziacha zinyauke kidogo kwanza. Kavu anazikausha Desemba hadi Februari, wakati mvua imekatika, na zikiota ukungu anazitupa. Juu ya nyasi anaongeza majani kiasi: kishona-nguo, majani ya viazi vitamu, sukuma wiki kidogo. Majani ya parachichi na ya nyanya hayaingii bandani, ni sumu kwa sungura. Peleti na pumba ni kiganja kidogo tu, na siku moja kwa wiki wale wawili wa Angora hawapewi kabisa, wanakula nyasi tupu.

Maji hayakosi. Tunajua foleni ya kisima ilivyo, lakini sungura wa kilo 3 anataka kama nusu lita kwa siku wakati wa joto, na bila maji hata nyasi hazitembei tumboni. Tena wale wawili wanachanwa kwa kitana mara mbili au tatu kwa wiki. Unywele uliobaki kwenye kitana hautaingia tumboni.

Papai je? Wengi wanaamini linayeyusha manyoya. Haliyeyushi. Kipande kidogo kina maji na sungura anakipenda, lakini sukari yake ikizidi inaharibu tumbo. Nanasi ni vilevile.

Dalili ziko chini ya banda. Mavi mazuri ni makubwa, ya duara, na ukiyavunja unaona nyasi. Yakiwa madogo, au yakiunganishwa na nywele kama shanga kwenye uzi, ongeza nyasi na maji siku hiyo hiyo. Akiacha kula na kunya kwa nusu siku, hiyo ni dharura, tafuta daktari wa mifugo. Tumbo likiwa limevimba na gumu, usimlazimishe chakula.

Mwezi uliopita jike mmoja mweupe aligoma kula jioni. Kabla ya jua kuwa kali kesho yake mama alishamfikisha kwa daktari, akapewa maji kwa sindano, na usiku akaanza kunya. Sungura wa jirani alikaa siku tatu bila kula. Alikufa, na maneno ya sumu yakaanzia hapo, kati ya nyumba mbili zilizokuwa zinaazimana chumvi.

Kwetu sungura ni daftari, ni sabuni, na kwa watoto wengine ni rafiki wa kwanza tangu wafike. Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla hujamshuku mtu, inama uangalie mavi. Halafu chukua panga, nenda ukakate nyasi. Mwenye swali atuandikie hapa chini, tutamuuliza mama.