Raba, Santuri na Sinema

Bila shaka mmewasikia vijana wakiimba maneno ya haraka haraka juu ya mdundo wa ngoma, na mmewaona wakitamani raba za bei kubwa. Labda mmesema, "Hayo ni mambo ya wahuni." Mimi nayapenda, na leo nimewachagulieni matatu, mpate kuyapima wenyewe.

La kwanza ni muziki wenyewe, uitwao hip hop. Watu huhesabu kuzaliwa kwake tangu tarehe 11 Agosti 1973, mtaa wa Bronx, mjini New York. Msichana Cindy Campbell alitaka fedha za kununua nguo za kurudia shuleni. Basi akafanya dansi katika ukumbi wa jengo walimokaa, wasichana wakalipa senti 25 na wavulana 50. Kaka yake, Kool Herc, mzaliwa wa Jamaika, ndiye aliyepiga santuri. Huyu alitumia mashine mbili na santuri mbili za namna moja, ili ile sehemu ya ngoma tupu irudiwe tena na tena, watu wazidi kucheza.

La pili ni raba. Daktari mmoja wa New York alitunga wimbo wa kuwasema vijana wavaao raba bila kamba, kana kwamba wote ni wahalifu. Vijana watatu wa Run-DMC wakamjibu mwaka 1986 kwa wimbo wa kuzisifu Adidas zao. Hawakumtukana mtu, walionyesha tu kwamba kiatu si ushahidi wa tabia. Lakini tamaa ya viatu ina hatari yake pia: mwaka 1989, katika jimbo la Maryland, kijana wa miaka 15 aliuawa kwa ajili ya raba zake za Air Jordan.

La tatu, nalipenda kuliko yote, ni sinema ya mambo ya kweli, Hoop Dreams, ya mwaka 1994. Yawafuata wavulana wawili maskini wa Chicago, William Gates na Arthur Agee, waliochukuliwa na shule ya Kikatoliki kwa ufundi wao wa mpira wa kikapu. William alipata mfadhili. Wazazi wa Arthur walishindwa na ada, naye akaondolewa. Nyumbani kwao umeme ukakatwa. Hata hivyo mama yake alisomea kazi ya usaidizi wa wauguzi, akawa wa kwanza darasani, akalia kwa furaha. Mzazi aliyewahi kutafuta ada ataielewa sinema hiyo bila mkalimani.

Basi, mzazi mwenzangu, mtoto akikuomba raba, usimwite mhuni, wala usikimbilie kuuza mbuzi. Kaa naye, msikilize nyimbo zake, mpeleleze maneno yake pamoja. Yafaayo myasifu, mabaya myakatae. Ada ilipwe kwanza. Raba itangoja mavuno.